Hesabu za Matonge ya Kristiana

Watu waliokuja kwenye msiba wa mdogo wangu Kristiana walinipa sifa ambayo si yangu. Kila aliyesimama kusema neno, kuanzia mwenyekiti wa kijiji hadi katekista, alisema marehemu aliishi na kisukari zaidi ya miaka minane kwa sababu Mungu alimjalia kaka msomi, aliyempigia hesabu za dawa kila mlo. Nilikaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa, watu wakadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo. Lakini karibu nusu yake ilikuwa aibu. Nimekwisha kuungama kwa padre, naye alinipa kitubio kidogo kuliko nilivyotegemea. Sasa naandika ili na wale waliokaa mkekani wajue. Kristiana aliishi miaka ile yote kwa sababu hesabu hizo nilinyang'anywa zikiwa na wiki sita tu mikononi mwangu.

Alikuwa kitinda mimba wetu. Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Matai, alikuwa na miaka kumi na mitano. Bwana mmoja kutoka wilayani alikuwa akipima viwanja kwa kamba, na watu wazima wote wamesimama kimya kwa heshima. Kristiana akamsogelea.

"Shikamoo. Kamba yako imepinda. Jiko letu litakuwa kwa jirani."

Baba alitaka kumchapa palepale. Yule bwana akarudi mwanzo wa kamba, akachungulia kwa jicho moja, akakuta imepinda kweli. Ndivyo alivyokuwa huyu mtoto: jicho lake lilipima kitu kabla mkono haujafika. Shuleni alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, kuanzia kidato cha kwanza. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana mimi sikulishika.

Mimi nilikuwa msomi wa familia. Nilisoma seminari hadi kidato cha nne, nikatoka bila wito na bila hesabu. Maarifa ya Biblia nilipata alama za juu kabisa. Hesabu nilifeli, wala si kwa bahati mbaya. Nilifeli kwa uthabiti, mwaka hadi mwaka, bila kurudi nyuma. Hata hivyo nilipata kazi ya ukarani katika shule ya sekondari ya wasichana aliyosoma Kristiana, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kijiji cha Kaengesa. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua, kugawa chaki na kugonga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Kijijini kwetu hawakujua tofauti ya karani na mwalimu, nami sikuona sababu ya kuwafundisha.

Ugonjwa ulimkamata Januari 1976, mwanzoni mwa kidato cha tatu. Alianza kunywa maji kama ng'ombe wa kulima, akakonda mpaka sketi ya shule ikafungwa kwa kamba, mwisho akazimia kanisani. Akapelekwa hospitali ya misheni. Aliporudi baada ya wiki mbili, Sista Adela, mkuu wa shule, akatuita ofisini sote wawili.

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista."

"Milele amina. Kaeni." Sista Adela alikuwa mwanamke mfupi, na maneno yake yalikuwa mafupi zaidi. "Beda, nimemzika msichana mmoja hapa, mwaka wa surua. Sitaki kumzika wa pili. Nampa mdogo wako muda mpaka Pasaka. Akizimia tena kabla ya hapo, anarudi kwa wazazi wake."

Sote tulijua maana yake. Kijijini kwetu insulini haikuwepo, na chupa ya karibu ilikuwa safari ya siku mbili. Kurudi nyumbani kulikuwa kwenda kufa taratibu karibu na mama. Kristiana alishika ukingo wa meza.

"Nani atapiga hesabu za dawa?" Sista aliuliza.

Kristiana alifungua kinywa. Mimi nikawahi.

"Mimi, Sista."

"Unaziweza?"

"Nimesoma seminari, Sista."

Hilo halikuwa jibu, lakini lilipita.

Bwana Polikarp, mganga wa zahanati ya misheni, alinifundisha kwa siku mbili. Dawa ilikuja kutoka Sumbawanga mjini kwenye lori la mfanyabiashara Muhidin, chupa ndogo imeviringishwa kitambaa chenye maji, na tuliihifadhi ndani ya chungu kilichofukiwa mchangani nyuma ya zahanati. Baridi ya Ufipa ilitusaidia. Kabla ya kila mlo, Kristiana analeta mkojo kidogo. Unatia matone manane kwenye kichupa chenye dawa ya bluu, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Rangi ya chungwa, mbaya. Rangi ya tofali, mbaya sana. Ukishaona rangi, unaangalia chakula atakachokula, ndipo unajua uvute dawa mpaka alama ipi kwenye bomba la sindano. Unachoma nusu saa kabla hajala.

"Lakini kubwa kuliko yote," alisema Polikarp, "chakula kiwe kilekile kila siku. Apewe sahani yake, apimiwe. Ukifanya hivyo, hesabu zenyewe zinakuwa chache."

Hilo la mwisho nililisikia kama mtu anavyosikia kanisani matangazo ya ndoa za watu asiowajua. Mimi sikutaka hesabu chache. Halafu suala la sahani yake peke yake niliona ni la watu wa hospitali. Wasichana wetu walikula wanane wanane, ugali mmoja katikati. Kwetu anayekula peke yake ni mchoyo, au ametengwa kwa kosa. Nikaamua Kristiana atakula na wenzake, na mimi nitahesabu matonge.

Ili kuhesabu matonge ni lazima ujue uzito wa tonge. Nikaenda stoo na tonge moja la ugali wa ulezi mkononi. Mama Oswaldi, mpishi mkuu, alinikuta nimeinama juu ya mizani.

"Unapima nini, Karani?"

"Tonge, Mama."

"La nani?"

"La Kristiana."

"Analiuza?"

Mizani ile ilikuwa ya magunia ya mahindi, mshale haukujua kama kuna kitu juu yake. Nikaomba ugali zaidi, nikamkalisha Kristiana, akafinyanga matonge arobaini huku akinitazama kama alivyomtazama yule bwana wa kamba. Mshale ukasogea kidogo, kama mtu anayeitikia salamu ya jirani waliyegombana naye. Nikagawanya kwa arobaini nikapata jibu. Nikagawanya tena, nikapata jibu jingine. Nikachukua la katikati.

"Kaka," alisema Kristiana, "siku ya dagaa tonge langu ni kubwa. Siku ya maharage ni dogo. Utagawanya na dagaa?"

"Nyamaza, unaniharibia hesabu."

Nikachora jedwali kwa rula, mistari myekundu na ya bluu, kichwa chake MATONGE NA ALAMA kwa herufi kubwa za taipu. Nilipolibandika ukutani ofisini, nililitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama sanamu ya mtakatifu yeyote.

Shida ya kwanza ilijitokeza siku ileile. Dawa inachomwa nusu saa kabla ya chakula, kwa hiyo ilinibidi nijue matonge ambayo bado hayajaliwa.

"Leo utakula mangapi?"

"Kaka, wewe ukienda kula huwa unajua?"

"Taja namba."

"Kumi na nane."

Basi nikachoma dawa ya kumi na nane, na kumi na nane yakawa amri. Nilisimama bwaloni mgongo ukutani, kalamu na daftari mkononi, nikihesabu kwa midomo. Wasichana wenzake saba walikula haraka, kama ilivyo kawaida ya bweni, na alipofika la kumi na nne ugali ukaisha. Nikakimbilia meza nyingine kuomba manne. Kesho yake bwalo zima lilikuwa linahesabu na mimi kwa sauti moja, "Kumi na sita! Kumi na saba!" na lilipoingia la kumi na nane wakapiga makofi na vigelegele. Kristiana aliinuka, akainama kwa bwalo zima kama mcheza ngoma aliyetuzwa. Mimi nikaandika daftarini: *Mlo wa mchana, umetimia.*

Nilidhani mambo yanakwenda. Lakini mkojo haukukubaliana nami. Wiki ya pili kichupa kilianza kutoka rangi ya chungwa. Wiki ya tatu kikatoka rangi ya tofali, alasiri na jioni, siku nne mfululizo. Nilirudia jedwali mara tano, sikuona kosa. Bwana Polikarp alikuwa ameitwa Sumbawanga kwenye semina ya wiki tatu, hakuwepo wa kumuuliza. Na kwa kuwa kosa halikuwa kwenye jedwali, ilibidi liwe kwa mtu.

Miaka ile sukari ilikuwa adimu. Masista walikuwa na kopo moja, limefungwa kabatini jikoni kwao, na wasichana walipishana zamu za kufagia humo. Nikaunganisha mambo kama mpelelezi. Nikamkuta Kristiana ameketi kwenye jiwe nyuma ya bwalo, baada ya vipindi.

"Kristiana. Amri ya saba inasemaje?"

"Usiibe."

"Nani anakula sukari ya masista?"

Alinitazama, akaacha kutafuna. "Unaniuliza mimi?"

"Mkojo ndio unaokuuliza."

"Sijaiba sukari, kaka. Sijagusa kitu. Tangu ugali wa mchana sijala kitu chochote."

Nilimwamini kidogo na kumshuku sana. Nikaketi karibu naye nimweleze habari ya dhamiri, na jinsi shetani anavyoanza na kijiko kimoja. Nilipokuwa nikisema hayo alikuwa ameshika hindi bichi la kuchemsha, la tatu, magunzi ya mawili yako chini miguuni kwake. Akaona nimelitazama, akalivunja katikati, akanipa nusu. Tukatafuna wote wawili, mimi nikizungumzia wizi, yeye akifuta machozi kwa kiganja, na punje zikituruka midomoni.

Naapa mbele ya Mungu sikuona kitu. Yeye pia hakuona. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu akishinda kwa viazi vitamu, boga na mahindi mabichi, jioni ukimuuliza atakwambia hajala, na anasema kweli tupu, maana hajaona ugali. Hivyo vingine ni vya kuchangamsha kinywa. Ilikuwa Februari, mahindi yamekomaa mashambani, maboga yamejaa jikoni, na kila alasiri wasichana walijichukulia. Jedwali langu lilikuwa na mistari arobaini, yote ya ugali.

Nikaongeza dawa. Alama mbili kwanza. Rangi ikashuka hadi njano. Nikaongeza nyingine mbili, ikawa kijani. Sikumwambia Sista, sikumwandikia Polikarp. Nilichapa jedwali jipya, nikatupa la zamani motoni, na nikamwambia Kristiana kwa upole wa mtu aliyeshinda, "Unaona? Umeacha ule mchezo, na hesabu zimekaa."

Wiki ile yote alinisalimia tu, kisha anakunja mkono wa shati nimchome, anageukia upande wa pili.

Ikaja Jumatano ya Majivu. Sista Adela aliwaambia wasichana kila mmoja atafute kitu cha kumtolea Mungu katika Kwaresima, lakini wagonjwa hawaruhusiwi kupunguza chakula. Jioni Kristiana alikuja ofisini. Lilikuwa neno lake la kwanza refu baada ya siku nyingi.

"Kaka, na mimi nataka kutoa kitu. Nitaacha mahindi na maboga mpaka Pasaka. Togwa pia. Nitakula ugali wangu kumi na nane kama ulivyoandika."

Nilifikiri kidogo, nionekane nafikiri. "Hiyo ni sadaka nzuri," nikasema. "Na kwa kuwa si chakula, haivunji masharti." Nikamchora msalaba kwenye paji la uso. Nilijisikia kama askofu.

Alhamisi jioni, wakati wa Rozari, nilimwona anatetemeka, jasho linamtoka kwenye baridi ile ya mvua. Nikafurahi. Nilidhani ni moto wa sala.

Ijumaa alasiri shule nzima ilikuwa shambani, siku ya elimu ya kujitegemea, kupalilia ulezi. Mimi nilikuwa nikiandika mahudhurio. Mara nikasikia Kristiana anacheka peke yake. Alikuwa anang'oa ulezi na kuacha majani.

"Kristiana, unafanya nini?"

Aliniangalia kama hanijui vizuri. "Wewe kengele," akasema, "nani amekuangusha mtini?" Akacheka tena, ulimi mzito.

Wasichana wakaguna. Kwetu mdogo hamwiti kaka yake kengele mbele ya watu. Nikafikiri ameamua kunilipa kwa ile habari ya sukari. "Piga magoti," nikamwambia, "uombe msamaha." Akapiga magoti kweli, ila hakuishia hapo. Akaketi, akalegea, macho yakabaki nusu wazi. Nilipomgusa alikuwa amelowa jasho kama aliyetolewa kisimani.

Nilifanya nini? Nilianza Salamu Maria. Sijutii sala hiyo, lakini najua Mama wa Mungu alikuwa anatafuta mtu mwenye mikono aliyefumbua macho. Akampata Mama Oswaldi, aliyekuwa akishuka na ndoo ya togwa ya kuwapa wapaliliaji. Alitupa kata ndani ya ndoo, akamshika Kristiana mgongoni, akamketisha wima, akampiga shavuni.

"Mtoto! Kristiana! Fungua mdomo. Meza. Kidogo. Tena."

"Mama, togwa amefunga!" nikasema. Naandika maneno hayo kama nilivyoyatamka. "Ameitolea sadaka."

"Karani, mtoto huyu ana njaa."

"Amekula matonge kumi na nane mchana! Nimehesabu!"

"Nenda kahesabu miti." Aliendelea kumnywesha, tone kwa tone, kisha funda kwa funda. Baada ya kama robo saa Kristiana alimeza mwenyewe, akapepesa macho, akauliza kwa nini sketi yake ina matope. Nikakaa chini kwenye ulezi.

Mama Oswaldi alinigeukia. "Kila alasiri huyu huja jikoni kwangu, anachukua mahindi matatu. Jioni kipande cha boga. Jana hakuja, leo hakuja. Wewe dawa umepunguza?"

"Hapana. Hivyo si chakula, Mama."

"Hata kwangu si chakula," alisema. "Lakini ng'ombe wangu hajawahi kula ugali hata siku moja, Karani, na amenona."

Nilielewa yote kwa mara moja, kuanzia rangi ya tofali hadi nusu hindi niliyotafuna kwenye jiwe. Nilikuwa nimemwongezea dawa ya mahindi, kisha nikabariki kuyaondoa mahindi.

Habari ilifika kwa Sista kabla yetu. Jumamosi asubuhi aliniita, akanipa maneno ya barua nikapige taipu, ya wazazi wetu. Lori la misheni lingeondoka Jumatatu, na Kristiana angekuwa ndani. Sista hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Nilitoa neno, Beda. Nikilivunja, nitamzika."

Nikaenda kwenye mashine. Nikaandika tarehe, nikaandika salamu kwa baba yangu mwenyewe, Ndugu Mzazi. Nikafika mahali Sista aliposema: *kwa kuwa mwanafunzi ameshindwa kufuata masharti ya dawa.* Niliandika mpaka *ameshindwa*, vidole vikasimama. Nje, Kristiana alikuwa ameketi kwenye ngazi za bweni, sanduku lake la bati liko magotini. Hakuwa analia. Alikuwa akitazama madirisha ya darasa la hesabu.

Nilijua nikimaliza mstari ule hakuna mtu atakayeuliza. Jedwali la zamani nilikwisha kulichoma. Polikarp akirudi ataambiwa msichana alizimia, basi. Ningebaki kaka msomi. Nitasema ukweli: nilikaa pale muda wa kutosha kusali Rozari nzima, na sikusali. Kisha nikachomoa karatasi, nikarudi kwa Sista nayo mkononi.

"Sista, barua hii ni ya uongo. Aliyeshindwa ni mimi." Nikamweleza yote, dawa niliyoongeza, mahindi, sadaka, mpaka ule msalaba niliomchora usoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani.

"Mtihani wa kidato cha nne, hesabu ulipata nini?"

Nikamwambia.

"Na yeye anapata nini?"

"Wa kwanza, Sista. Tangu aanze."

Aliiweka mezani. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, machozi yanamtoka kweli. Sijawahi kuchekwa namna hiyo tangu hapo wala kabla, na sijawahi kushukuru kicheko kama kile. Alipotulia alichana ile karatasi vipande vinne.

"Kamwite. Na Mama Oswaldi."

Walipokuja, Sista alimuuliza Kristiana jambo moja tu: angefanyaje kama angekuwa yeye. Kristiana hakufikiri hata kidogo. Ilionekana alikwisha kufikiri tangu siku ya yale matonge arobaini.

"Sahani yangu, Sista. Unga kikombe kimoja, kilekile, mchana na jioni. Hindi moja saa nne, moja alasiri, na yaandikwe. Boga liandikwe. Siku ya shamba niongezewe. Dawa nirudishiwe ile ya Bwana Polikarp ya mwanzo, halafu kila siku nione rangi, nishushe au nipandishe kidogo kidogo." Akakunja mkono wa shati. "Na nijichome mwenyewe."

"Kula peke yako utaweza?" Mama Oswaldi alimuuliza. "Wenzako watakucheka."

"Walinicheka matonge kumi na nane, Mama. Sahani itawashinda."

Sista akasema, "Mpaka Pasaka." Pasaka ilipopita hakuna aliyemkumbusha, naye hakujikumbusha.

Aliendelea hivyo mpaka akamaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha ualimu, akafundisha hesabu shule ya msingi karibu na Matai, na daftari la chakula likiwa ndani ya mkoba pamoja na chaki. Figo zilipoanza kuchoka, mwaka jana, alikuwa amekwisha kupanga nani atamalizia darasa lake. Kwa habari ya dawa hakuwahi kuniuliza kitu tena, na nilipouliza mimi aliniambia, "Kaka, wewe andika barua." Wanaosema nilimtunza kwa akili zangu, basi, wajue nilichobakiziwa.

Jumatatu ile, lori la misheni lilipoondoka bila yeye, nilipewa kazi ya kuchemsha sindano. Nilikaa nje ya jiko la Mama Oswaldi na sufuria juu ya mafiga, sindano na bomba la kioo vikigongana ndani ya maji. Kristiana alitoka bwaloni na kichupa chake, kimetoka kijani kibichi, akakinyanyua juani akipime kwa jicho. Mama Oswaldi alikuwa mlangoni ameshika kikombe cha unga.

"Kaka, zimechemka?"

"Zimechemka."

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

"Umehesabu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akamtazama Mama Oswaldi, Mama Oswaldi akamtazama yeye.

"Chemsha tena," akasema Kristiana.

Nikairudisha sufuria motoni.